Kutandika reli ya mfano kwa mkono: njia ya milimita 12 kwa treni za Afrika Mashariki

Maswali ya wanaoanza ni yale yale. Ninunue reli ya namba gani? Mataruma, yaani vipande vya kukingama vinavyobeba reli, niyakate kwa ukubwa upi? Kwa nini behewa linaruka njia kila likifika penye kona? Kwa nini umeme unapiga shoti hata kabla sijaweka injini? Mwongozo huu unayajibu kwa mpangilio wa kazi yenyewe, tangu ubao mtupu mpaka behewa lipite. Unahusu njia iliyonyooka na kona tu. Mahali ambapo njia moja hugawanyika kuwa mbili pasiwe kazi yako ya kwanza. Anayeweza kutandika nusu mita ya kona bila behewa kuanguka ndiye aliye tayari kwa hilo, na mkono wa kulehemu hujengeka huku huku.

Tunatumia uwiano wa 1:87, unaojulikana kama HO, na kuna sababu. Reli ya zamani ya Kenya, Uganda na reli ya kati ya Tanzania ina geji, yaani umbali kati ya reli mbili, ya mita moja. Gawanya milimita 1000 kwa 87, unapata 11.5. TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, ni milimita 1067, ambazo zinakuwa 12.3. Kwa hiyo njia ya mfano ya milimita 12 inazibeba zote mbili bila jicho kuona tofauti, na magurudumu ya geji hiyo yanauzwa tayari kwa jina la HOm. Ukitaka baadaye kuweka SGR pembeni, milimita 1435 zikigawanywa kwa 87 zinatoa 16.5, ambayo ndiyo geji ya kawaida ya treni za mfano za HO duniani. MGR (reli ya mita moja) na SGR zikikaa sambamba kwenye meza moja kwa vipimo sahihi, hata mtoto ataona kwa nini moja inaitwa nyembamba.

Reli ya milimita 12 iliyokwisha kuungwa kiwandani ipo, lakini nyingi imetengenezwa kwa kufuata reli za milima ya Uswisi. Nyingine ni ya uwiano wa 1:120, ambayo mataruma yake ni madogo na yamebanana kupita kiasi. Ukiiweka chini ya treni ya kwetu, mtu aliyezoea stesheni ya Voi au Morogoro ataona kuna kitu hakijakaa sawa. Ukitandika kwa mkono unaweka nafasi za mataruma, unene wa reli na rangi kama zilivyo kwenye njia unayoipenda.

Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Usianze kazi huku unasubiri kifaa kimoja. Hasa usianze bila kipimo cha geji.

- Reli tupu ya namba 55, vipande viwili vya mita moja au vinavyokaribia hapo. Namba hiyo ni kimo cha reli kwa sehemu za elfu za inchi, yaani milimita 1.4. Reli halisi ya ratili 80 kwa yadi ina kimo cha milimita 130 hivi, na ukiigawa kwa 87 unapata 1.5, kwa hiyo namba 55 inakaribia sana. Namba 70 (milimita 1.8) itafanya kazi, ila njia itaonekana nzito. Chagua ile ya aloi ya shaba, nikeli na zinki. Reli ya chuma achana nayo, zaidi ukiwa Mombasa, Tanga, Unguja au Dar es Salaam, maana hewa ya chumvi itaivalisha kutu upesi. Bidhaa hii kwa kawaida utaiagiza nje, hivyo agiza na ya akiba.
- Bodi ya saketi yenye shaba upande mmoja, unene wa milimita 1.6. Maduka ya vifaa vya elektroniki ya Luthuli Avenue Nairobi na ya Kariakoo ndiko pa kuanzia. Chukua ya nyuzi za kioo, yenye rangi ya kijani au manjano hafifu. Ile ya kahawia ni ya karatasi iliyogandishwa, na shaba yake hubanduka ikipata moto mara mbili tatu.
- Vijiti vya mbao laini vya unene wa milimita 2 hivi. Vijiti vya aiskrimu vinafaa.
- Vipimo vya geji vya milimita 12, angalau vitatu. Kimoja kiwe cha miguu mitatu kwa ajili ya kona. Vya njia iliyonyooka vinaweza kuchongwa na fundi wa kukereza vyuma: kipande cha alumini cha mviringo chenye mifereji miwili, na sehemu ya katikati ya mifereji iwe milimita 12.0 kamili. Mfereji uwe mpana kidogo tu kuliko kichwa cha reli, yaani sehemu yake ya juu. Mpelekee fundi kipande cha reli yenyewe, usimwelezee kwa maneno.
- Vernia ya kupimia, na mita ya fundi umeme yenye mlio.
- Pasi ya kulehemia ya wati 40 au zaidi, bora ikiwa na kirekebisha joto. Lehemu ya 60/40 ya waya mwembamba. Fluksi ya elektroniki, yaani dawa inayosaidia lehemu kutiririka na kushika. Fluksi ya mafundi bomba ina tindikali kali, na masalia yake hula reli taratibu miezi ikipita.
- Msumeno wa meno madogo, tupa bapa ndogo, msasa namba 120 na 400, koleo ndogo, gundi nyeupe ya mbao, nyaya nyembamba za rangi mbili.
- Plaiwudi ya milimita 12, na shiti ya koki (ile ya kutengenezea vizibo vya chupa) ya milimita 3.
- Barakoa. Vumbi la nyuzi za kioo si la kuvuta.
- Behewa moja zito kiasi, ambalo magurudumu yake umeyapima.

Kuhusu behewa hilo: pima kwa vernia umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya kila ekseli. Zote zilingane. Gurudumu lililosogea kwenye ekseli litaruka hata kwenye njia bora, nawe utaitesa reli isiyo na kosa.

Hatua za kazi

1. Andaa ubao. Kata plaiwudi, paka vanishi au rangi pande zote mbili na kingo, iache ikauke kabisa. Wengi hupaka juu tu. Masika ikifika, upande wa chini unanyonya unyevu, ubao unapinda na reli inapinda nao. Watu husingizia joto la reli, lakini mita moja ya reli hii ikipanda joto kwa nyuzi 15 huongezeka robo milimita tu. Anayesogea zaidi ni ubao. Ukishakauka, gundisha koki.

2. Chora njia. Piga mstari wa katikati kwa penseli, kisha mistari miwili ya pembeni, kila mmoja milimita 10.5 kutoka katikati. Hiyo ndiyo miisho ya mataruma. Kwa kona, nusu kipenyo isipungue sentimita 60 kwa kuanzia. Ukiota kupitisha Garratt ya daraja la 59, injini kubwa ya mvuke ya reli ya mita moja, siku moja, ongeza kadiri chumba kinavyoruhusu. Mahali pa kutoka kwenye mnyoosho kuingia kona, tumia ukanda wa plastiki unaopindika na ufuate mkunjo wake wa asili. Kona inayoanza ghafla ndiyo inayoangusha mabehewa marefu.

3. Kata mataruma. Taruma la mbao la njia ya mita moja lina urefu wa futi 6 hivi na upana wa inchi 8. Kwa uwiano wetu ni milimita 21 kwa 2.3. Weka nafasi ya milimita 8 toka katikati ya taruma hadi katikati ya linalofuata. Kwa kila manne, moja liwe la bodi ya shaba na matatu ya mbao. Sentimita 30 za njia zitakula mataruma 38 hivi, na kati ya hayo 10 ni ya shaba. Kata ya shaba kwa msumeno ukiwa umevaa barakoa na bodi ukiwa umeilowesha kidogo, vumbi lisipae.

Hapa sisi wa njia ya mita moja tuna bahati. Sehemu kubwa ya reli ya Kenya na Uganda ililazwa juu ya mataruma ya chuma, kwa sababu mchwa hauachi mbao salama. Ukitaka sehemu hizo, tumia shaba kila baada ya taruma moja na upake yote rangi ya kutu. Nafasi ikikuruhusu, fika Makumbusho ya Reli Nairobi. Garratt mbili za daraja la 59 zimehifadhiwa pale, 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena, nazo zimesimama juu ya reli unazoweza kuzipiga picha ukiwa umelaza futi ya kupimia kando yake. Picha moja ya namna hiyo ina faida kuliko kukisia rangi na nafasi usiku kucha. Kwenye njia inayotumika usikanyage bila ruhusa.

4. Kata shaba katikati. Kila taruma la shaba lazima likatwe ngozi yake katikati, mkato wa milimita 1 hivi, ili umeme wa reli ya kushoto usivuke kwenda ya kulia. Tumia tupa au msumeno, ukikwangua mpaka uone bodi tupu. Kisha weka mita kwenye mlio, gusa nusu moja na nusu nyingine. Ikilia, kata tena. Pima yote, moja moja, kabla hayajagundishwa. Shoti nyingi za wanaoanza zinatoka hapa. Taruma moja lililosahaulika kati ya hamsini, likishalehemiwa, litakupotezea jioni nzima.

5. Gundisha mataruma. Paka gundi nyeupe nyembamba, panga kwa kufuata mistari, shaba ikitazama juu. Mwisho wa kila kipande cha reli weka mataruma mawili ya shaba yaliyofuatana, kwa kuwa pale ndipo reli hutaka kuinuka. Wekea uzito, acha usiku mmoja.

6. Sawazisha. Funga msasa namba 120 kwenye kipande cha mbao kilichonyooka, kirefu kuliko mataruma kumi. Sugua kwa urefu wa njia mpaka vijiti vya mbao vishuke usawa wa shaba. Shaba yenyewe iguswe kidogo tu, ing'ae. Ukiona rangi ya bodi, umezidisha. Pitisha kidole: usihisi ngazi yoyote. Hatua hii huharakishwa kuliko zote, na haistahili. Taruma lililo juu huinua reli, na gurudumu la behewa jepesi huning'inia hapo hapo.

7. Andaa reli. Sugua upande wa chini wa kitako cha reli (sehemu yake pana ya chini) kwa msasa namba 400 mpaka ung'ae, kisha usiguse kwa vidole. Ncha zilizokatwa zipigwe tupa, hasa ukingo wa ndani wa kichwa, ambao gurudumu hulipitia. Kwa kona, pinda reli kabla ya kulehemu, kwa kuivuta taratibu kati ya kidole gumba na kijiti cha mviringo, mpaka ikilazwa ifuate mstari yenyewe bila kushikwa. Usitegemee lehemu iishikilie reli iliyonyooka ndani ya kona. Itashika leo, na kiangazi itaachia taruma moja moja.

8. Lehemu reli ya kwanza. Chora mstari wake milimita 6 kutoka katikati. Huo ni upande wa ndani wa kichwa cha reli. Weka pasi kwenye nyuzi 350 hivi. Paka fluksi kidogo kwenye shaba, laza reli, ikandamize kwa kijiti cha mbao, gusisha ncha ya pasi kwenye shaba na kitako kwa pamoja, upande wa nje wa reli. Hesabu moja, mbili, gusisha lehemu, iache itiririke chini ya kitako, ondoa pasi, endelea kukandamiza mpaka ing'ae na kuganda. Anza na ncha moja, kisha ncha ya pili, kisha katikati, halafu jaza yaliyobaki ukirukaruka. Ukifuatana toka mwanzo hadi mwisho, joto litajikusanya na kuisukuma reli itoke mstarini.

Lehemu ikae nje tu. Kijitone kikibaki upande wa ndani, ukingo wa gurudumu utakikanyaga na behewa litaruka. Ukikiona, kipige tupa sasa hivi.

Fungua madirisha, na nawa mikono kwa sabuni kabla ya kula, kwani lehemu hii ina risasi.

9. Lehemu reli ya pili. Mwongozo mzima umekuwa ukielekea hapa. Weka vipimo viwili vya geji, kimoja kila upande wa taruma unalolilehemu, na cha tatu mbele kidogo. Sukuma reli ya pili iguse kipimo, lehemu, subiri ipoe, ndipo usogeze kipimo. Ukikitoa kabla haijaganda, reli hurudi nyuma sehemu ndogo ya milimita, na sehemu hiyo ndogo ndiyo tofauti kati ya kupita na kuanguka. Kila baada ya mataruma matatu ya shaba, pima kwa vernia. Mimi hukubali kati ya 12.0 na 12.3. Chini ya 12.0 usivumilie hata kidogo: magurudumu yatabanwa na kupanda juu ya reli. Ikikosea, pasha moto taruma hilo moja, sogeza, lehemu upya. Huu ndio uzuri wa shaba, kwamba kosa halihitaji kubomoa.

Kwenye kona tumia kipimo cha miguu mitatu, na angalia unavyokiweka. Miguu miwili ikae kwenye reli ya nje, mguu mmoja kwenye reli ya ndani. Hapo mkunjo wenyewe hupanua njia kidogo, jambo ambalo injini yenye magurudumu mengi inalihitaji. Ukikigeuza, njia itabana badala ya kupanuka, na kadiri kona inavyokuwa kali ndivyo itakavyobana. Maswali mengi ya "kona yangu inaangusha" huishia kwenye kipimo kilichogeuzwa.

10. Jaribu kabla ya kupamba. Mita ikiwa kwenye mlio, gusa reli zote mbili: iwe kimya. Kisha sukuma behewa kwa kidole kimoja, taratibu, kwenda na kurudi, likiwa mbele na likiwa nyuma. Sikiliza. Mlio wa "tik" mahali pale pale kila mara ni kitone cha lehemu au ncha isiyopigwa tupa. Usiendelee mpaka sauti hiyo iishe.

11. Unga vipande na nyaya. Kati ya kipande na kipande acha mwanya wa nusu milimita. Kila kipande cha reli kipate waya wake wa umeme, uliolehemiwa chini au upande wa nje na kupitishwa kwenye tundu la ubao. Usitegemee viungo vya chuma kupitisha umeme; hulegea, na pwani huchafuka haraka. Rangi moja ya waya iwe ya reli ya kushoto daima, nyingine ya kulia. Injini za kawaida za HOm hutumia umeme wa moja kwa moja (DC) wa volti 12.

12. Osha, paka rangi, mwaga kokoto. Fluksi isafishe kwa spiriti na mswaki wa zamani. Paka reli pande zake na mataruma rangi ya kutu au kijivu cha mbao kuukuu, kisha futa juu ya reli kabla haijakauka. Kwa kokoto, vumbi la mawe la machimboni lililochekechwa ndilo zuri. Mchanga wa baharini usiutumie, una chumvi. Pitisha sumaku juu ya vumbi hilo mara kadhaa kabla ya kulimwaga, kwani chembe za chuma zikiingia kwenye mota ya injini hazitoki. Sambaza kwa brashi laini, nyunyiza maji yenye tone la sabuni ya vyombo, kisha dondosha gundi nyeupe iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa mbili. Kokoto zisipande usawa wa kichwa cha reli.

Mambo yakigoma

Behewa linaruka mahali pale pale. Pima geji hapo kwanza, kisha angalia vitone vya lehemu ndani, kisha usawa wa reli zote mbili kwa kulaza futi ya chuma juu yake. Likiwa linaruka mahali tofauti tofauti, acha njia, rudi kwenye magurudumu na uzito wa behewa.

Shoti. Tenganisha kipande kimoja kimoja mpaka ukipate kibaya. Kagua mikato ya katikati kwa tochi na kikuzio. Mara nyingi ni uzi mmoja wa shaba au tone la lehemu lililovuka. Kwangua tena kwa ncha ya kisu. Mikato ikiwa safi, angalia kama nyaya zimepishana rangi.

Lehemu inakuwa kama mpira, haitiririki. Kitako cha reli ni kichafu au pasi haina joto la kutosha kupasha shaba na reli kwa pamoja. Sugua upya, ongeza fluksi, safisha ncha ya pasi. Usiongeze lehemu.

Shaba inabanduka kwenye taruma. Umekaa na moto muda mrefu, au bodi ni ile ya kahawia. Ng'oa taruma hilo kwa kisu, telezesha jipya chini ya reli, lehemu tena.

Reli inainuka ncha. Mataruma mawili ya shaba ya mwisho hayapo, au kona haikupindwa kabla. Ondoa lehemu kwenye mataruma manne ya mwisho, pinda reli upya ikiwa mkononi, rudisha.

Njia imetengeneza mawimbi baada ya mvua kubwa. Kagua upande wa chini wa ubao. Acha ukauke kivulini, paka vanishi, kisha tanua mwanya wa viungo kwa msumeno mwembamba. Usianze kunyoosha reli ubao ukiwa bado na unyevu.

Injini inasitasita ingawa behewa linapita vizuri. Safisha juu ya reli kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, pamoja na magurudumu ya injini. Msasa usiutumie hapa, huacha mikwaruzo inayoshika uchafu. Ikiendelea kusita mahali pamoja, pima umeme pale injini ikiwa imesimama: volti zikishuka, kipande hicho hakina waya wake, au waya wake umeachia chini ya ubao.